Kwa Nini Nilichanganya Paneli za Juu na za Chini

Hirbadaw, jioni

Martina mwanangu,

Salamu naziruka, maana uko chumba cha pili na nasikia zipu ya begi ikigoma palepale ilipokuwa ikinigomea mimi. Barua hii itasafiri hatua sita tu. Ningeweza kuyasema kwa mdomo, na wiki hii nimejaribu mara tatu. Mara zote tatu nimeishia kukuuliza kama umekunywa chai.

Mambo ya kula, ya kuvaa sweta na ya kutoongea na watu wa stendi mama yako ameshayamaliza, na aliyoyasahau atayakumbuka kesho basi likishawashwa. Mimi nina jambo moja. Kwenye fomu ya chuo, mahali pa fani, umeandika ushonaji. Wewe! Mtu ambaye ukishona kifungo kinadondoka kabla padri hajamaliza mahubiri. Barua ya chuo inasema mwanafunzi anaweza kubadili fani ndani ya wiki ya kwanza, na baada ya hapo basi, ndiyo imetoka. Sikuandikii ili kukuambia ubadili. Haki ya kukuambia hivyo niliipoteza siku ile ya mkutano pale uwanja wa shule. Tangu siku ile kitu pekee ninachopata kwako ni shikamoo, asubuhi na jioni, safi, kamili, kama karani anayegonga muhuri. Ninachotaka ni usichague ukiwa hujui yote. Kuna mambo ya zile paneli za pampu ambayo huyajui, kwa sababu niliyaficha mimi.

Nianzie mbali kidogo, utanivumilia.

Mimi nilimaliza darasa la saba Dongobesh na shule ikaishia hapo. Hakuna aliyenifundisha umeme. Redio ya kwanza niliyoifungua ilikuwa ya babu yako, na nilipoifunga vikabaki vyuma vitatu nje. Nikaviweka mfukoni, nikawasha. Redio ikaimba. Tangu siku hiyo sikuogopa mashine tena, na hilo ndilo lililoniponza. Ningekuwa na bahati, ile redio ingekufa palepale mbele ya mzee, akanichapa, nikajua mapema kwamba kitu kinaweza kuimba na bado kikawa kimefungwa vibaya.

Baadaye biashara ikaachiliwa huru. Redio zikaanza kujaa maduka ya Katesh, nyepesi kama mikate, zinaharibika kabla boksi halijapata vumbi, na mimi nikapata kazi. Kisha mkoa ukakatwa. Tukalala watu wa Arusha, tukaamka watu wa Manyara, bila kuhamisha hata kuku. Tukaambiwa maendeleo sasa yatasogea karibu. Kilichosogea kwanza ni mihuri. Halafu zikaja simu, halafu zikaja paneli za jua, na kila mwenye kitu chenye waya akanijia mimi. Nikaitwa fundi. Neno hilo ukiitwa muda mrefu unaanza kuliamini.

Kisima kirefu kilipochimbwa hapa kwetu, wale wa mradi walituachia pampu, tangi na ushauri mwingi. Paneli wakasema tujitafutie. Wewe ulikuwa bwenini, ndiyo maana hukuyaona. Kitongoji cha Juu, huku mashariki, kikachanga mbuzi wakapelekwa mnadani, zikapatikana paneli nne. Kitongoji cha Chini, kule magharibi, nao wakachanga wao, zikapatikana nne. Nane. Hesabu nzuri. Kamati ya maji ikaniita nizifunge, ikanikabidhi ufunguo wa nyumba ya pampu.

Nilijua kwamba zote nane zinapaswa kutazama upande mmoja. Kikaratasi kilichokuja nazo kilikuwa na mchoro ambao hata mtu asiyesoma angeuelewa. Nikaanza kusimamisha stendi, ndipo Mzee Gwandu akafika. Unamfahamu mwenyekiti wetu: haulizi, anatangaza.

"Fundi, za Juu zitazame Juu."

Nikamwambia, "Mzee, jua halina kitongoji."

"Jua halina. Mbuzi walikuwa nacho. Hatukuuza mbuzi wetu ili paneli zikakodolee macho nyumba za Chini."

Mama Safari wa Chini alikuwa amekaa juu ya ndoo yake, hajaalikwa, kama kawaida. Akasema, "Na za kwetu zikigeuzwa kwenu, mwakani nani atajua zilikuwa za kwetu? Fundi, zetu zitazame kwetu. Hapo utakuwa umemaliza."

Hapo nilipaswa kuweka spana chini na kusema hapana. Nilikuwa na miaka ya kutosha, nilikuwa na kikaratasi. Badala yake nikajiambia kwamba mashine ni rahisi kuliko watu, nitawaridhisha watu kwanza kisha nitajuana na mashine. Martina, nimefanya makosa mengi maishani na karibu yote yalianza na sentensi hiyo.

Basi nne zikatazama mashariki, nne magharibi. Nikafunga za Juu kwa kufuatana, waya mmoja ukipita zote nne, mstari mmoja. Za Chini vivyo hivyo, mstari wa pili. Mistari miwili ikakutana kwenye nyumba ya pampu. Na ikafanya kazi! Huo ndio ukweli wa kwanza niliokuficha. Mwanzoni zilikuwa zimefungwa vizuri. Asubuhi jua likiwapiga wa Juu, mstari wao unasukuma na ule wa Chini unaongezea kidogo, jioni wanabadilishana. Pampu hii haina betri, inakula jua moja kwa moja, na ilikuwa inaanza kuvuta saa tatu asubuhi mpaka saa kumi na nusu.

Furaha ilidumu wiki mbili. Kosa lilikuwa mdomo wangu. Nilikuwa nimenunua mita mpya na nilitaka ionekane. Nikamwonyesha Mzee Gwandu: tazama, asubuhi mstari wa Juu unasoma mkubwa, wa Chini mdogo. Nilidhani ni somo la jua. Yeye akasikia kitu kingine kabisa. Kesho yake alfajiri wanawake wa Juu wamesimama mbele ya foleni.

"Maji ya asubuhi ni ya paneli zetu," wakasema. "Fundi amepima."

Fundi amepima! Mama Safari akamwaga ndoo ya mwenzake. Mwenzake akamwaga ya Mama Safari. Maji ambayo tumeyatoa chini ya mwamba kwa mbuzi na jasho yakawa yanatengeneza tope, na kila mtu ananitazama mimi na mita yangu.

Nilivumilia siku tatu. Siku ya mnada, watu wako Katesh, nikaingia na spana nikazichanganya. Moja ya Juu, moja ya Chini, moja ya Juu, moja ya Chini. Mistari yote miwili hivyohivyo. Sasa hakuna maji ya mtu, kila tone limepita kwa wote. Jioni nikaitangazia kamati kwamba nimefanya marekebisho ya kitaalamu na mita haiwezi tena kutenganisha. Mzee Gwandu akanishika mkono. Mama Safari akanipa mayai. Foleni ikatulia. Nilirudi nyumbani nikijiona nimesuluhisha mataifa.

Maji yakapungua karibu nusu.

Pampu ikawa haianzi mpaka saa tano, na saa tisa imeshakata. Ule ndio mwaka ambao wewe ulirudi kutoka shule kusubiri matokeo yako, ukakuta watu wanasema mashine imechoka. Walisema hivyo kwa sababu mimi niliwaambia hivyo. Siku nyingine nilisema ni mawingu ya mlima Hanang. Siku nyingine vumbi. Sikuwa nadanganya sana, au nilijiambia hivyo, kwa sababu kwa kweli sikuelewa. Paneli nane ni paneli nane, nilifikiri, kama ng'ombe nane ni ng'ombe nane, uwapange utakavyo. Mtu niliyewaambia wateja maisha yangu yote wasichanganye betri mpya na ya zamani kwenye redio moja, kwa sababu ile dhaifu itaziangusha zote, nimesimama mbele ya paneli nane na sioni. Hilo hadi leo linaniuma kuliko yote. Jibu nilikuwa ninalitoa bure dukani kila siku.

Wewe uliona. Ulipita nyuma ya uzio ukafuata waya kwa macho, ukaniuliza, "Baba, mbona waya unaruka? Unatoka huku unaenda kule, unarudi?"

Nikasema, "Ni utaalamu."

Ukanitazama. Kesho yake ukachukua kipaneli chetu kidogo cha kuchajia simu, kigoda cha mama yako, na mita yangu uliyoniomba kwa adabu zote. Kila saa unakiegemeza kigodani kikitazama mashariki kwa mlalo uleule wa paneli za Juu, unasoma, unaandika. Unakigeuza magharibi, unasoma, unaandika. Siku tisa. Majirani wakasema binti wa fundi anaanika kioo. Mama yako akawa anakaa juu ya gunia kwa kukosa kigoda, na simu hazina chaji. Nikakuacha kwa kuwa nilidhani unacheza.

Kisha ukaja mkutano. Ulisimama mbele ya kijiji kizima na daftari lako la miraba, ukaamkia wazee wote, na sauti haikutetemeka. Nakumbuka ulivyosema, neno kwa neno.

"Watu wanne wakipanda njia nyembamba ya mlimani, wamefuatana, mmoja ana mguu mbovu, wote wanne watakwenda mwendo wa yule mwenye mguu mbovu. Hawezi kupitwa. Paneli zilizofungwa kwa kufuatana ndivyo zilivyo. Asubuhi za Chini ndizo zenye mguu mbovu, jioni za Juu. Na sasa hivi kila njia ina wenye mguu mbovu wawili, kutwa nzima. Ila ukiwapa wazima njia yao na wagonjwa njia yao, wazima watafika mapema, wagonjwa watafika na walichonacho, na huko sokoni mizigo itajumlishwa."

Mama mmoja nyuma akasema, "Eee, kumbe," kwa sauti ya mtu aliyeelewa kweli. Nilimsikia. Huo ulikuwa mwaka wa pili watu wazima wanaipigia kelele ile pampu, na binti ameieleza kabla mtu hajamaliza kumenya muwa.

Mzee Gwandu akanigeukia. "Fundi, haya ya binti yako ni kweli?"

Nilikuwa na muda. Si kwamba nilishtukizwa. Niliona yote mbele yangu: nikisema ni kweli, wataniuliza nani alizichanganya, na kwa nini, na kwa nini nimekaa kimya, kisha paneli zitenganishwe, na foleni irudie vita. Hayo ndiyo niliyojiambia baadaye. Lakini kwa kuwa unaondoka kesho nitakuambia na lile lililokuwa chini yake. Nilikuonea wivu. Miaka yote ile ya kufungua redio, halafu mtoto ameona kwa kigoda na kipaneli cha simu kitu ambacho mimi mwenye ufunguo sikukiona.

Nikasema, "Mzee, mtoto ana daftari. Mimi nina pampu. Jua la hapa halisomi madaftari."

Wakacheka. Mimi nina kipaji cha kuchekesha, watu wote wanasema. Wewe ukalifunga daftari polepole, ukaweka mkono juu yake, ukakaa. Wiki iliyofuata fomu ikaja, ukaandika ushonaji.

Kiangazi unakijua, ulikuwepo. Wanawake walirudi korongoni kuchimba mchanga kama zamani. Mama yako naye. Angeweza kupita njia ya kanisani na punda wake, ni fupi zaidi. Alipita mbele ya tangi kila siku, madumu matupu yakigongana, anasimama kidogo, "Habari za kazi, fundi?" na anaendelea. Miaka yote ya ndoa hajawahi kuniita fundi. Nilitamani anitukane.

Sasa nifike wiki hii. Nilitafuta karatasi ya kuwashia jiko nikalikuta daftari lako kwenye kuni. Limewekwa hapo na mtu anayejua anachofanya. Nikalichukua, nikaenda nalo nyumba ya pampu, nikajifungia kama mlevi. Ukurasa wa kwanza umeandika mistari miwili tu: *Zinazofuatana, chukua ndogo. Mistari miwili, jumlisha.* Baada ya hapo ni saa baada ya saa, mashariki kiasi hiki, magharibi kiasi hiki, kisha umezidisha kufuata ukubwa wa paneli za kijiji, kisha umechora. Mchoro mmoja wa jinsi zilivyo, kilima chembamba katikati ya siku. Mchoro wa pili wa jinsi zingekuwa, kilima kipana kama Hanang yenyewe ukiitazama kutoka Katesh. Nilisoma siku tatu. Ukurasa wa sita niliurudia mpaka macho yakauma. Nilikasirika, nikataka kukuta umekosea. Nilijumlisha upya yote. Hukukosea kujumlisha.

Bado nikabisha. Nikachukua gunia, nikafunika paneli moja, moja tu kati ya nane. Nikajiambia itapungua kidogo, moja kati ya nane. Mstari mzima ukalala. Pampu ikakohoa ikanyamaza. Nikafunua, ikaamka. Nikafunika, ikalala. Nilifanya hivyo sijui mara ngapi, mtu mzima na gunia lake, mpaka fundisho likaingia mahali ambapo maneno yako hayakuweza kuingia kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani.

Jana asubuhi nikazifungua zote nane. Juu na Juu, Chini na Chini, kama mchoro wako wa pili. Sikumwambia mtu. Sijamaliza kufunga sanduku la spana, pampu imeanza, na jua bado la saa tatu. Maji yaligonga tangi tupu kwa sauti ambayo nilikuwa nimeisahau. Watu wakatoka. Mzee Gwandu akaja anakimbia, na yule mzee hakimbii hata nyuki.

"Fundi! Imepona!"

Na mimi, badala ya kukutaja, nikasema, "Tumeihangaikia."

Tu-me. Wewe na nani, mzee mzima? Akanisifu, wakanisifu, mtu akaleta togwa. Nikainywa. Niliporudi nyumbani wewe ulikuwa unafua sweta zako, ukasikia kelele kule tangini, ukainua kichwa. Ukaniambia shikamoo. Nikakuuliza kama umekunywa chai.

Leo mchana nimeiita kamati. Nilijiandaa kwa hotuba ya kuzunguka, na nilipofungua mdomo ikatoka fupi. Nikawaambia: pampu haikuchoka, mimi ndiye niliyezichanganya, nilifanya kwa siri, nikawadanganya miaka miwili, na Martina aliwaambia ukweli uwanjani nikamfanya kichekesho mbele yenu. Nilichofunga jana ni mchoro wake.

Mama Safari akasema polepole, "Ngoja, fundi. Mimi nimechimba korongoni vipindi viwili vya kiangazi, mgongo huu, kwa sababu wewe uliogopa kelele za foleni?"

"Ndiyo, Mama Safari."

"Na mayai yangu ukala."

"Nilikula."

Mzee Gwandu akatazama chini, kisha akatafuta pa kujishikiza. "Lakini basi, kama zimetenganishwa, maji ya asubuhi..."

"Chukueni asubuhi yenu!" Mama Safari akamkata. "Jioni ndiyo ng'ombe wanarudi, jioni itakuwa yetu. Asubuhi mtanywa ninyi na kuku wenu."

Watu wakaangua kicheko. Hata wa Juu. Mzee Gwandu mwenyewe akafikiri kidogo, akasema labda ni vizuri foleni iwe ya anayetangulia kufika, kwa kuwa naye ana ng'ombe. Wakakubaliana. Martina, ule ugomvi nilioukimbia miaka miwili, nilioulipia kwa maji ya kijiji, kwa mgongo wa mama yako na kwa wewe, uliisha kabla chai yangu haijapoa. Nilikaa pale nataka kupiga ukuta. Sikuwahi kuwapa nafasi ya kugombana hadi mwisho.

Halafu wakanipokonya ufunguo. Walifanya vizuri. Sasa anao Mama Safari, ameufunga kwenye pembe ya khanga, na amesema mimi nitaingia nikimwamkia kwa heshima. Mimi ni mkubwa kwake. Nitamwamkia.

Mzee Gwandu alitaka waje kesho stendi wakuombe radhi kwa kucheka. Nikawakatalia. Waliocheka walichekeshwa. Anayeomba radhi ni mimi, na ninaomba hapa, kwa maandishi, ili usije ukafikiri baadaye kwamba ulisikia vibaya: ulikuwa sahihi, nilijua unaelekea kuwa sahihi, na nikakuangusha mbele za watu. Nisamehe ukiweza. Ukiwa bado, safiri hivyohivyo. Mimi nipo.

Ukienda ukashona, shona. Nitavaa, na vifungo nitashika kwa mkono. Sitaki uchague umeme ili kunifuta aibu, na sitaki uuache ili kuniadhibu. Ila usiuache kwa kudhani ulikosea, kwa sababu kuhusu hilo nina ripoti, na ripoti si ya baba kwa mwanawe bali ya mtu aliyepima.

Nimepima tangu jana, kila saa, kwenye waya unaoingia pampu, na nimeandika pembeni ya namba zako kwa kalamu nyekundu. Daftari liko juu ya begi lako. Saa tatu uliandika ampea tano, nimesoma tano kasoro. Saa nne umepatia. Saa tisa umepatia, saa kumi umepatia kabisa mpaka nikaitikisa mita nikidhani imekwama. Lakini saa sita uliandika saba na nusu, na mimi napata sita na kidogo. Jana hivyo, leo hivyo. Jua la utosini, hakuna wingu, na ndipo inapungua. Nimefuta vumbi. Nimekaza kila nati. Nimepima mstari mmoja mmoja. Paneli ukizigusa saa hiyo zinaunguza, lakini sijui kama hilo linahusika au ni mimi tu natafuta pa kusingizia. Nimekaa nalo jioni yote, ugali umepoa, mama yako ameniita mara mbili, na nimekwama.

Mita nabaki nayo, ili ukinitumia swali niwe na namba za kukujibu.

Saa sita umekosea, Martina. Sijui kwa nini. Tafuta, uniambie.

Baba yako